Kabla hujatupa eafoni jaribu kubadilisha kimpira

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni fundi simu, nina kibanda hapa Mbagala Rangi Tatu huu mwaka wa 11 sasa, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku maana jirani yangu wa meza ya pili anauza magazeti. Leo nimeona na mimi niandike kuhusu kitu ambacho wengi watakiona kidogo, eafoni, zile za kuchomeka ndani kabisa ya sikio. Nikiangalia pesa ambayo vijana wetu wanaimwaga kwenye hizi eafoni kwa mwaka mmoja, alafu nikiangalia masikio yanayoharibika, kwa kweli naumia, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba nyingi zinazotupwa wala hazijafa.

Malalamiko ninayoyapata kila siku ni yale yale. Fundi hii feki haina besi, fundi hii haikai inadondoka dondoka nikitembea tu, fundi upande mmoja umekufa na nina wiki mbili tu tangu ninunue. Mtu anashanunua ya buku 3, imemkorofisha, kaenda ya elfu 5, nayo hivyo hivyo, sasa hivi ana ya elfu 15 na bado analalamika, na mimi nikiiangalia naona tatizo liko pale pale, kwenye kale kampira kanakoingia sikioni.

Mwezi uliopita alikuja dogo mmoja mwanachuo, ana eafoni nzuri tu, waya mzito, maiki safi, akaniambia kaka nipe hata elfu 4 uichukue imenishinda, sauti kama redio iliyoko ndani ya ndoo. Nikamuuliza uliponunua kwenye boksi hukukuta kipakti kidogo cha nailoni kina vimpira viwili vikubwa na viwili vidogo? Akasema alikiona, akadhani ni vya akiba vikichakaa, akakitupa na boksi lake. Basi mimi nina kopo langu naweka vimpira vya kila saizi, nikatoa vile vya kati alivyokuwa anatumia, nikamwekea kikubwa sikio la kushoto na la kulia nikamwachia kile kile cha kati, maana masikio ya mtu mmoja hayalingani, wengi hawalijui hilo. Nikamwambia piga ule wimbo unaoupenda. Dogo alinyamaza karibu nusu dakika anatazama chini, alafu akachomoa upande mmoja akaniuliza fundi umebadilisha spika? Nikamwambia sijagusa spika, hujawahi kuisikia eafoni yako tu.

Naomba nieleze kidogo kwanini inakuwa hivyo. Ndani ya eafoni kuna kaspika kadogo sana, nyingi kana upana wa milimita 10 au chini ya hapo, na haka kaspika kazi yake ni kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kati ya eafoni na ngoma ya sikio. Sauti za juu, za visahani na gitaa, zinapita hata kama kuna upenyo, ila besi haitaki upenyo kabisa, ikipata kiupenyo kama unywele imeondoka. Kama umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ambayo kile kingozi cha ndani kimekauka utanielewa, unasukuma mpaka jasho linatoka na tairi iko vile vile, hewa inarudi pembeni. Eafoni isiyoziba ni hivyo hivyo, sio kwamba haina nguvu, nguvu yake inapotelea pembeni.

Kupima ni rahisi. Weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, vaa, alafu ukiwa unasikiliza bonyeza eafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Kama besi inaongezeka ukibonyeza na inapungua ukiachia, kimpira ni kidogo, panda saizi. Kama haibadiliki sana uko vizuri. Na njia nyingine ongea mwenyewe kwa sauti ya kawaida, ukijisikia sauti yako nzito kama umeziba masikio kwa vidole ujue imeziba. Ikianza kuuma baada ya dakika 20 hivi, hapo kimpira ni kikubwa, shuka, usijilazimishe kwamba masikio yatazoea. Na kuna watu wachache vimpira vya silikoni vyote havimkai, sikio lake lina umbo lake, huyo atafute vile vya sponji unavyoviminya kwa vidole vinakuwa vyembamba unaingiza alafu vinavimba vyenyewe ndani, ni ghali kidogo na vinachakaa haraka ila vinaziba kuliko vyote.

Kuvaa nako watu wanakosea. Tundu la sikio halijanyooka kama bomba, limepinda, ndo maana ukisukuma tu moja kwa moja inagota. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka, hapo ingiza eafoni ukiizungusha taratibu, achia sikio lirudi lenyewe likamate. Na angalia herufi, L ni kushoto na R ni kulia, maana kile kimdomo kimepinda kufuata sikio, ukigeuza haitakaa hata uweke kimpira gani. Waya ukiupitisha juu ya sikio kwa nyuma alafu ndo ushuke, eafoni haivutwi na uzito wake na ule mkwaruzo unaousikia ukitembea unapungua sana. Kutoa pia usinyofoe kwa nguvu, kama imeziba vizuri unavuta na hewa, ngoma ya sikio inaumia, zungusha kidogo hewa iingie ndo utoe.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe iliyonifanya nishike simu niandike, maana kama ingekuwa besi peke yake ningeishia kuongea na wateja wangu. Mtu ambaye eafoni yake haizibi anafanyaje akipanda daladala? Anapandisha sauti. Injini inanguruma, konda anapiga kelele, redio ya gari nayo iko juu, na makelele yote hayo yanaingia kupitia ule upenyo, kwahiyo anapandisha mpaka mwisho, simu inamletea onyo kwamba sauti hii inaweza kudhuru masikio, anabonyeza sawa, anaendelea. Kwenda saa moja, kurudi saa moja na foleni ya kwetu huku wakati mwingine mbili, siku 6 za wiki. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, mtu anaweza kuisikiliza mpaka saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa 4! Huyu kijana wetu wa daladala hizo saa 4 kazimaliza Jumanne. Na hao hao wanasema vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwasababu ya kusikiliza namna hii, na wanashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu.

Mimi hili silisemi kwa kusoma tu. Mdogo wangu wa tumbo moja alifanya kazi miaka 4 kwenye mashine ya kusaga, na ili muda uende alikuwa anavaa eafoni, zile zile za kudondoka dondoka, anazijaza sauti mpaka zishinde mashine. Leo hii ana miaka 29, akiwa kwenye kimya usiku anasikia mlio kama nyenze hauzimi, sikio la kulia ukimwita kwa sauti ya kawaida hageuki. Mama akimpigia simu inabidi arudie mara mbili mbili, na mama naye mtu mzima sauti yake ndogo, mwisho anamwambia basi mwanangu nitakuja mwenyewe. Daktari alimwambia ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo vinavyopokea sauti na vikishakufa havioti tena, hakuna dawa wala sindano. Nilikuwa fundi tayari wakati ule, eafoni zake nyingine nilimtengenezea mimi mwenyewe, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza anasikiliza kwa sauti gani. Toka hapo kila anayekuja kibandani namuuliza.

Eafoni iliyoziba vizuri yenyewe inapunguza kelele za nje kwahiyo utajikuta unasikia kila kitu kwa sauti ya nusu. Jaribuni hilo kwenye daladala kesho. Ila mtu wa mashine ya kusaga au wa kukata chuma asije akadhani eafoni ni kinga, hapana, huko kuna vifaa vyake vya kuzibia masikio kazini na bosi ndo anatakiwa avitoe. Na ukiwa unatembea barabarani toa hata upande mmoja, maana ikiziba hivyo bodaboda inakupigia honi nyuma husikii kitu.

Baada ya hapo nizungumzie waya, maana ndo unaoua nyingi. Upande mmoja umekufa, ukikunja waya hivi unarudi, ukiachia umekata, nani hajapitia hiyo. Mimi nikiipokea nachukua wembe napasua pale shingoni kwenye pini, kile chuma kinachochomekwa kwenye simu, taratibu, na karibu kila nikipasua nakuta kitu kile kile. Ndani kuna vinyuzi vya shaba vyembamba kuliko unywele, vimepakwa rangi, vingine vyekundu, vingine kijani, vingine rangi ya shaba yenyewe, vimechanganywa na uzi mweupe wa kuongeza nguvu. Uzi mweupe unakuta mzima, shaba imekatika kimoja kimoja, viwili vitatu vimebaki vinagusana kwa bahati, ndo maana inakata na kurudi. Kilichovikata ni kukunjwa pale pale kila siku. Mtu anachomoa eafoni kwa kuvuta waya badala ya kushika pini. Anaweka simu mfukoni pini ikiwa chini, akikaa kwenye siti uzito wote unakunja shingo. Anazungushia waya kwenye simu kwa kubana kabisa na kuuacha umenyongwa hivyo usiku kucha. Analala nazo, anageuka nazo.

Ukiacha hayo manne tu eafoni ya elfu 5 inamaliza mwaka, ninazo mbili hapa za wateja zina zaidi ya miaka 3. Shika pini. Ukiweka mfukoni, simu ikae tundu la eafoni likiangalia juu. Ukikunja, kunja duara legevu la upana wa kiganja usibane, tia kwenye kikopo chochote kidogo. Na ikiwa mpya kabisa chukua springi ya peni iliyoisha, izungushe pale shingoni kwenye pini nusu yake ikae kwenye waya, inazuia kukunjika kwa ghafla. Haipendezi machoni lakini inafanya kazi.

Kama imeshakatika usitupe, kubadilisha pini ni kazi ya robo saa na haizidi buku 2 au 3. Ila mwangalie fundi anafanya nini. Ile rangi ya kwenye vinyuzi haipitishi umeme, inatakiwa iunguzwe kwa moto wa pasi ya kuchomelea na risasi mpaka shaba itoke inang'aa, wapo wenzangu wanaikwangua kwa wembe, wanakata nusu ya vinyuzi, unarudi baada ya wiki. Na angalia pini yako ya zamani, kama ina vipete vyeusi vitatu ujue ina maiki, akikuwekea yenye viwili umepoteza maiki, utasikiliza mziki lakini ukipigiwa simu hawakusikii. Muulize kabla hajakata.

Na kabla hata ya kwenda kwa fundi chungulia mambo mawili. Kwanza tundu la simu lenyewe, mfukoni kuna vumbi la nguo linajaa humo linashindiliwa na pini kila siku, mwisho pini haifiki chini, sauti inatoka upande mmoja. Zima simu, chukua kijiti cha meno, toa taratibu, utashangaa kinachotoka. Pili kawavu kale kadogo kwenye mdomo wa eafoni, hako kanaziba kwa nta ya sikio. Alikuja mama mmoja anauza vitenge, ana eafoni yake ya kusikilizia kwaya, upande wa kulia sauti kwa mbali kama mtu yuko chumba cha pili, kashaambiwa na watu wawili anunue nyingine. Nikatoa kimpira, nikashika eafoni mdomo ukiangalia chini ili uchafu udondoke nje usirudi ndani, nikasugua kwa mswaki laini mkavu dakika moja hivi. Ikafunguka. Akaniuliza shilingi ngapi mwanangu nikamwambia mama hii haina bei, nenda ukasikilize kwaya yako. Msichokonoe kwa sindano jamani, mkitoboa wavu nta inaingia kwenye spika hapo ndo inakufa kweli.

Vimpira vyenyewe vitoe mara moja kwa wiki, osha na maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa ndo urudishe. Na kuazimana eafoni tuache, najua ni ngumu kumnyima rafiki, basi mpe na kimpira chake.

Hizi za Bluetooth sina mengi, kimpira ni kile kile na sheria ni zile zile, tena zenyewe zisipokaa vizuri unaipoteza kwenye mtaro. Ikigoma kuchaji upande mmoja angalia vile vidoti vya kuchajia kwenye eafoni na ndani ya kiboksi, vinashika jasho na nta, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Betri yake ni ndogo sana na joto ndo adui yake, usiache juu ya dashibodi juani, na usiiweke kabatini miezi ikiwa imeisha chaji kabisa, haitaamka.

Kuna jambo moja la hatari nisilisahau. Kimpira kikiwa kimelegea kwenye kimdomo cha eafoni kinaweza kubaki sikioni ukitoa. Dada mmoja hapa mtaani kilimbakia mwanae wa miaka 9, wakachokonoa kwa kibanio cha nywele, wakakisukuma ndani zaidi, wakaishia hospitali mtoto analia na sikio limechubuka lina damu. Ukibadilisha kimpira kivute kidogo kwa kidole uone kimeng'ata, kama kinachomoka kirahisi tundu lake ni kubwa kuliko kimdomo, kiache. Na kikibaki ndani usichokonoe kabisa na kitu chochote, nenda hospitali, wana vifaa, kinatoka kwa dakika chache.

Sasa naomba niseme na wauzaji wenzangu wa Kariakoo na hawa ndugu zetu wanaotembeza mkononi, na hili nalisema kwa upendo. Mnapofungua maboksi ili mtundike eafoni zionekane vizuri, kile kipakti cha vimpira mnakitupa au kinabaki chini ya meza kinakanyagwa. Mteja anaondoka na saizi ya kati peke yake, kama sikio lake sio la kati kauziwa kitu nusu. Wengine mnavikusanya mnaviuza mia 5 pembeni kwa mtu yule yule aliyetakiwa apewe bure. Mpeni mteja kipakti chake, mwambieni kabisa kaka hivi vya saizi, jaribu mpaka ikae, inachukua dakika moja. Na wewe mnunuzi kidai, kama boksi lilishafunguliwa uliza kipakti kiko wapi kabla hujatoa hela.

Mimi lile kopo langu la vimpira liko mbele ya meza, anayekuja na eafoni inayomsumbua anajaribu kwanza bure kabla sijagusa waya, na anayetaka kuosha vya kwake maji na sabuni vipo. Juzi nimehesabu vimebaki vidogo vingi, vikubwa vimeisha, kwahiyo mwenye vikubwa asivyovitumia naomba aniletee.

Wako,
Fundi simu, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam